Kudhibiti, Kuzuia na Kujizuia kwa Kiingereza: Mwongozo Kamili wa Kuchagua Neno Linalofaa

Tanzania ina Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, ina Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, ina Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, na ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kwa Kiswahili mzizi ni mmoja katika majina yote manne. Kwa Kiingereza jina la kwanza lina neno “control”, la pili na la tatu yana neno “regulatory”, na la nne lina neno “controller”, ambalo hapo halina maana ya kuendesha wala ya kutawala. Ndivyo ilivyo pia kwa kitenzi kuzuia na watoto wake: kodi ya zuio ni “withholding tax”, zuio la mahakama ni “injunction”, kizuizi cha barabarani ni “roadblock”, na mtu aliyewekwa kizuizini yuko katika “detention”.

Kiswahili hakina upungufu hapa. Kimekusanya mambo mengi chini ya vitenzi viwili vyenye nguvu, na msikilizaji hupata maana kamili kutokana na muktadha. Kiingereza kimeyagawa mambo hayo hayo katika maneno mengi, na kila neno limechagua marafiki zake. Makosa mengi ninayokutana nayo ninapohariri tafsiri na barua za kikazi hutokea kwa sababu mwandishi ameanza na neno la Kiswahili, amefungua kamusi, kisha amechukua neno la kwanza aliloliona. Mwongozo huu unapendekeza njia nyingine, yaani kuanza na jambo lenyewe na kulihoji kabla ya kulitafutia jina.

Hatua ya kwanza: jiulize kama jambo limekwisha kutokea

“Prevent” ni neno la kabla ya tukio, na “control” ni neno la wakati ambapo tukio lipo na mtu amelibana lisizidi. Taasisi ya afya ya umma ya Marekani iliyokuwa ikiitwa Centers for Disease Control iliongezewa maneno “and Prevention” mwaka 1992. Kama “control” ingekuwa imebeba ndani yake maana ya kukinga, nyongeza hiyo isingekuwa na kazi. Wataalamu wa magonjwa wameipanga tofauti hii kwa ngazi. Ugonjwa ukiwa chini ya “control”, bado upo, ila umepunguzwa hadi kiwango ambacho jamii inakimudu, na juhudi zikilegea utarudi. Ukifikia “elimination”, umekwisha katika eneo fulani. Ukifikia “eradication”, umetoweka duniani kote, na hadi leo ni magonjwa mawili tu yaliyofika hapo: ndui, iliyotangazwa mwaka 1980, na sotoka ya ng’ombe, iliyotangazwa mwaka 2011. Anayeandika kwamba mkoa wake una mpango wa “malaria eradication”, ilhali anakusudia mpango wa kudhibiti malaria, ameahidi jambo ambalo mkoa mmoja hauwezi kulitimiza peke yake.

Kuna jambo jingine kuhusu “prevent” ambalo wengi hawalitambui. Kwa Kiswahili tunaweza kusema, “Walimzuia, lakini akaenda,” na hakuna atakayeshangaa, kwa kuwa kuzuia kunaweza kuwa jitihada tu. Kwa Kiingereza, “They prevented him from going” humaanisha kwamba hakwenda. Ukitaka kusema kwamba walijaribu wakashindwa, huna budi kuandika “They tried to prevent him”. Kama walimchelewesha au walimkwaza bila kumsimamisha kabisa, tumia “hinder” au “hamper”. Na kama walimtia hofu hadi akaghairi mwenyewe, neno ni “deter”.

Hatua ya pili: ijue picha iliyo ndani ya neno

Hatua hii ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa zaidi. Maneno ya Kiingereza ya udhibiti yalizaliwa katika kazi za mikono, michezo na uwekaji wa hesabu, na picha ya kale bado inaamua ni nomino gani inayoweza kuandamana na kitenzi gani.

“Control” ilikuja kutoka katika Kifaransa cha kale, katika neno lililomaanisha orodha ya pili, yaani nakala ya hesabu iliyotunzwa na mtu mwingine ili orodha ya kwanza ipate kulinganishwa nayo. Maana hiyo ndiyo inayoishi katika cheo cha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Upande wa “Controller” wa kazi yake ni kuhakikisha kwamba fedha haitoki katika Mfuko Mkuu wa Hazina bila idhini ya kisheria, na upande wa “Auditor” ni kukagua baadaye jinsi ilivyotumika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilizitenganisha kazi hizi mbili katika ofisi mbili, moja ikiwa ya “Controller of Budget” na nyingine ya “Auditor-General”. Anayedhani kwamba “controller” ni bosi wa fedha hawezi kuelewa kwa nini ofisi hizo zilitenganishwa.

Kifaransa kilibaki karibu na maana ya kukagua, na hapa ndipo wasemaji wa Kiswahili wa Kongo na Burundi waliosoma kwa Kifaransa wanapojikwaa. Kwa Kifaransa mwalimu anaweza “contrôler” madaftari, yaani kuyapitia. Kwa Kiingereza cha leo mwalimu “checks” madaftari, na akisemwa kwamba “controls” wanafunzi, maana yake anawatuliza na kuwatawala. Maana ya ukaguzi imesalia katika semi chache zilizoganda, kama vile “passport control” katika uwanja wa ndege na “quality control” kiwandani.

“Check” ni neno la sataranji. Lilisafiri kutoka katika neno la Kiajemi shah, yaani mfalme, likapitia Kiarabu na Kifaransa hadi kufika Uingereza, na awali lilikuwa onyo kwamba mfalme wa mpinzani amebanwa. Kwa hiyo “keep in check” si kukagua bali ni kukibana kitu kisipate nafasi ya kusogea: “The dam keeps the floods in check.” Vivyo hivyo “checks and balances”, usemi unaopendwa na wanasheria wa katiba, haumaanishi ukaguzi na mizani. Unamaanisha kwamba kila mhimili wa dola una uwezo wa kuubana mwingine usivuke mpaka wake.

Kisha kuna maneno ya farasi, na hapa Kiswahili kinatusaidia sana, kwa kuwa nacho kina hatamu na lijamu. Tunaposema kwamba mtu ameshika hatamu za uongozi, Mwingereza husema “take the reins”, na picha ni ile ile. Lakini “rein in” ni kuzivuta hatamu ili mnyama apunguze mwendo, na hutumika kwa kitu kilichoanza kukimbia kupita kiasi, kama matumizi ya serikali au askari wanaotumia nguvu kupindukia. “Give free rein” ni kuzilegeza hatamu, yaani kumpa mtu uhuru wa kufanya apendavyo. Neno hili huandikwa “rein”, si “reign” yenye maana ya kutawala wala “rain” yenye maana ya mvua. Kosa la kuandika “free reign” hufanywa hata na Waingereza wenyewe, kwa hiyo usilichukue kuwa sahihi kwa sababu tu umeliona gazetini. “Unbridled” ni kitu kisichotiwa lijamu, na huandamana na tamaa, uchu na shauku: “unbridled greed”.

“Curb” nayo ni ya farasi, kwani ilikuwa mnyororo au ukanda uliopita chini ya taya la mnyama ili kumbana. Kwa sababu hiyo neno hili hudai kitu chenye mwelekeo wa kuongezeka: “curb inflation”, “curb corruption”, “curb spending”. Halimpokei mtu. Huwezi kuandika “The police curbed the thief”, kwa maana mwizi haongezeki. Kinachoongezeka ni wizi, na kwa hiyo utaandika “The police curbed theft”. Wamarekani hutumia tahajia hiyo hiyo pia kwa ukingo wa barabara, ambao Waingereza huuandika “kerb”.

Hatua ya tatu: tazama ni nani anayemzuia nani

Hakuna maneno yanayochanganywa mara nyingi kama “restrain” na “refrain”. Yanafanana kwa sauti, na kwa Kiswahili yote mawili yanaweza kuwa kujizuia, lakini sarufi zao hazipatani kamwe. “Restrain” hudai shamirisho, yaani lazima awepo anayezuiwa, hata kama ni nafsi ya mzuiaji: “I restrained myself from answering.” “Refrain” haitaki shamirisho: “I refrained from answering.” Sentensi kama “I restrained from answering” na “I refrained myself” zote ni makosa, na nimeziona katika barua za watu wenye shahada. Njia rahisi ya kukumbuka ni kwamba “restrain” ni kushika, na huwezi kushika bila kuwepo cha kushikwa, ilhali “refrain” ni kuacha tu.

“Abstain” iko karibu na “refrain”, ila imejitengea maeneo yake: pombe, chakula, tendo la ndoa na kura. Tarehe 2 Machi 2022, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipopigia kura azimio kuhusu uvamizi wa Ukraine, nchi 141 ziliunga mkono, 5 zilipinga na 35 “abstained”, Tanzania, Uganda na Burundi zikiwa miongoni mwa hizo 35. Kuandika kwamba nchi hizo “refused” ni kupotosha habari, kwa kuwa kutopiga upande wowote si kukataa.

Katika amri za mahakama, “restrain” hubeba uzito wa sheria. Mtu anayepokea karatasi isemayo kwamba yeye “is restrained from selling, transferring or in any other way dealing with the suit property” anapaswa kuelewa mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni kwamba haruhusiwi kuuza, kuhamisha wala kufanya shughuli yoyote na mali inayogombaniwa. La pili ni kwamba amri kama hiyo, inapokuwa ya muda, haijaamua bado mali ni ya nani. Nimeona watu wakikata tamaa kwa kudhani wamekwisha kushindwa kesi, na wengine wakishangilia ushindi usiokuwepo, wote kwa sababu ya neno hili moja.

Wapo pia wasomaji wanaofanya kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa nchini Uingereza, na kwao nomino “restraint” si suala la lugha pekee. Sheria inayoitwa Mental Capacity Act ya mwaka 2005, inayotumika England na Wales, inaihesabu kuwa “restraint” hali ya kutumia nguvu, au kutishia kuitumia, ili lifanyike jambo analolipinga mhudumiwa, na pia hali ya kumbana asiwe huru kwenda atakako, awe amepinga au hakupinga. Kwa hiyo mhudumu anayeweka meza mbele ya kiti ili mzee asisimame anaweza kuwa amefanya “restraint” bila kamba wala pingu. Anayelitafsiri neno hilo kichwani mwake kuwa kufunga mtu atajibu kwa unyofu kwamba hajawahi kufanya hivyo, na jibu lake litakuwa na kasoro.

Hapa idadi ya nomino nayo ina maana. “Restraint” isiyo na wingi ni tabia ya kujizuia, na huandamana na vitenzi vitatu hasa: “show restraint”, “exercise restraint” na “urge restraint”. Wanadiplomasia wanapozitaka pande mbili “to exercise maximum restraint”, wanaomba stahamala. “Restraints” yenye wingi ni vitu vinavyobana, kama mikanda, pingu au masharti.

Usichanganye hayo na “constraint”, ambayo ni mbano unaotokana na hali na si mkono wa mtu. Ule usemi wa ofisini wa “kwa ufinyu wa bajeti” ndio hasa “due to budgetary constraints”. Kitenzi chake kina mtego mkubwa: “I felt constrained to resign” haimaanishi kwamba nilizuiwa kujiuzulu, bali kwamba nilijiona sina budi kujiuzulu. Mbano huu humsukuma mtu kutenda, na “restrain” humrudisha nyuma asitende.

Hatua ya nne: pima kama kitu kimezungushiwa mpaka, kimefifishwa au kimewekewa kikomo

Moto ni mwalimu mzuri hapa. Wazima moto wa misitu nchini Marekani wanaposema kwamba moto uko “60 percent contained”, hawana maana kwamba asilimia 60 ya moto imezimika. Wanasema kwamba asilimia 60 ya mzunguko wake imekwisha kuwekewa mpaka wa kuuzuia usienee, na ndani ya mpaka huo miti inaweza kuwa bado inaungua. Ukifika “controlled”, mpaka umeimarishwa na hautarajiwi kuvukwa. Ukifika “out”, umezimika. Kuitafsiri “contained” kuwa “umezimwa” ni kuwarudisha watu majumbani kabla ya wakati. “Contain” hutumika hivyo hivyo kwa mlipuko wa ugonjwa na hata kwa sera za nje: katika makala ya mwaka 1947, mwanadiplomasia wa Marekani George Kennan alipendekeza “containment” dhidi ya Urusi ya Kisovieti, yaani kuizuia isitanuke na si kuishambulia.

“Suppress” haizungushi, inakandamiza kutoka juu. Maasi, kikohozi, mwayo na ushahidi vyote vinaweza kuwa “suppressed”. Wakoloni wa Kijerumani “suppressed” Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Katika tiba, “viral suppression” ni hali ya virusi kuwa vichache sana mwilini, na Kiswahili cha Tanzania kimeipatia kitenzi ninachokiona kuwa bora kuliko cha Kiingereza: kufubaza. Kilichofubazwa kimepoteza makali, lakini kipo, na ndiyo sababu mgonjwa haruhusiwi kuacha dawa. Jirani yake “repress” hupenda mambo mawili, yaani serikali inayokandamiza raia na nafsi inayoficha kumbukumbu chungu.

“Cap” ni kikomo cha juu. Bei za mafuta zinazotangazwa kila mwezi na mamlaka ya nishati na maji ya Tanzania huitwa bei kikomo, na kwa Kiingereza ni “cap prices”: muuzaji anaweza kuuza chini yake, si juu yake. Kenya iliweka “interest rate cap” kwa mikopo ya benki mwaka 2016 na kuiondoa mwaka 2019. “Regulate” ni pana zaidi, kwa kuwa ni kuweka kanuni na kuzisimamia, na kikomo cha bei ni kanuni mojawapo tu. Kifaa kinachobana kasi ya gari kwa kilomita 80 kwa saa, ambacho matatu za Kenya zililazimishwa kukifunga kuanzia mwaka 2004, huitwa “speed governor”, na kwa Kiswahili kidhibiti mwendo. “Governor” huyo wa injini na gavana wa kaunti ni neno moja, na asili yake ya mbali ni kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kushika usukani wa chombo.

Hatua ya tano: chunga vihusishi vya “control”

Nomino “control” hubadilika maana kwa kihusishi chake. “Control of” hueleza nani ameshika: “The army took control of the airport.” “Control over” hueleza kiasi cha mamlaka: “Parents have little control over what children watch.” “Controls on”, kwa wingi, ni hatua za kiserikali: “controls on imports”. Hali “is under control”, yaani imetulizwa, na mtu “is in control”, yaani yeye ndiye anayeiongoza. Ukiandika “I am under control” umesema kwamba wewe ndiye uliyetulizwa. “Out of control” ni kilichoponyoka, na “beyond our control” ni kile ambacho hatukuwahi kuwa na uwezo nacho, kama mvua au kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Shirika la ndege linalosema kwamba safari imechelewa kwa sababu “beyond our control” linajaribu kujivua lawama. Likiandika “out of our control” kwa maana hiyo hiyo litaeleweka, lakini la kwanza ndilo la maandishi rasmi. Kumbuka pia kuongeza herufi “l” katika “controlled”, “controlling” na “controller”.

Kuhusu hasira na nafsi, “control yourself” ni amri kali, na mdogo hamwambii mkubwa. “Keep your temper” ni laini kidogo, na kinyume chake ni “lose your temper”. Neno la heshima zaidi ni “composure”: “She kept her composure throughout the burial.” Wasomaji wa Biblia watakumbuka kwamba tunda la Roho linaloitwa kiasi katika Wagalatia 5:23 lilikuwa “temperance” katika tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611, na katika tafsiri nyingi za sasa ni “self-control”. “Temperance” siku hizi humkumbusha Mwingereza habari za kuacha pombe, kwa hiyo itumie kwa uangalifu.

Hatua ya sita: jizoeze kwa sentensi moja

Chukua sentensi “Polisi waliwazuia waandamanaji” na uiandike kwa Kiingereza bila kujua zaidi. Utagundua kwamba haiwezekani, na hapo ndipo mafunzo yanapoanza. Kama polisi walisimama mbele yao njia ikafungika, andika “blocked”. Kama umati ulikuwa ukisukuma na polisi wakausukuma nyuma, andika “held back”. Kama waliwazingira mahali pamoja wasitoke kwa saa kadhaa, polisi wa Uingereza wenyewe husema “contained”, na wakosoaji wao husema “kettled”. Kama waliwashika kwa mikono mmoja mmoja, andika “restrained”. Kama waliwapeleka kituoni bila kuwafungulia mashtaka bado, andika “detained”, na usiandike “arrested” mpaka uthibitishe kwamba walikamatwa rasmi. Kama maandamano hayakufanyika kabisa kwa sababu yalipigwa marufuku mapema, andika “banned the protest”, na hapo waandamanaji wenyewe wametoka katika sentensi. Kisha fanya hivyo hivyo kwa “Serikali imedhibiti bei ya sukari”, ukianza kwa kumuuliza aliyekupa sentensi hiyo kama bei ilishuka, ilisimama, au iliwekewa kikomo tu.